Kumhamishia aksoloti kwenye tangi jipya, ukiwa Uyole

Mwenye aksoloti, mnyama wa majini anayefugwa kwenye tangi, aliyeko Dar es Salaam anashinda akigandisha chupa za maji kwenye friji ili ampoze mnyama wake. Aliyeko Uyole, huku Mbeya, anajitafutia sweta, mnyama hana neno. Naanza na hilo kwa sababu kila mgeni ninayemwonyesha wangu huuliza swali lile lile: "Huyu hafi baridi?" Hafi. Asili yake ni Xochimilco, kwenye mifereji na mabaki ya maziwa ya jiji la Mexico, mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini tupo kwenye mita 1,700 hivi. Kwa hiyo ni mzaliwa wa nyanda za juu aliyehamia nyanda za juu, na ile baridi ya Juni inayotukusanya kwenye jiko la mkaa yeye anaiona siku ya kawaida.

Kitakachomuua huku kwetu ni maji mabichi. Maji meupe pe, hayana harufu, ukiyatazama unaweza kuyanywa, lakini hayajaiva. Ndiyo maana mwongozo huu umechukua nafasi kubwa kwenye mambo ya kabla mnyama hajafika. Siku ya kumwingiza yenyewe ni kazi ya saa moja tu.

Kwa asiyemjua: aksoloti ni amfibia wa jamii ya salamanda, wale wenye umbo kama la mjusi, ila yeye haachi utoto. Anaishi majini maisha yake yote na matamvua yake yako nje, matatu kila upande wa kichwa, kama vijitawi vya mkangaga. Anafika sentimita 20 hadi 30, na akitunzwa anaishi miaka 10 hadi 15. Porini amebaki kidogo sana, yuko ukingoni mwa kutoweka, na wanaofugwa wamezaliwa kwenye matangi. Yumo pia kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, kwa hiyo anayemvusha mpaka lazima awe na vibali. Kabla hujatoa hela, mwombe anayekuuzia karatasi zake. Akianza kujiumauma, achana naye.

Hatua ya 1: Tangi na mahali pa kuliweka

Mimi la kwangu nilitengenezewa na fundi vioo pale Mwanjelwa. Nilimpa vipimo: urefu sentimita 90, upana 40, kimo 40. Akavitazama.

"Bosi, samaki gani huyu anataka tangi refu lisilo na kina?"

"Si samaki, fundi. Ni kama chura aliyekataa kukua."

"Chura ndani ya nyumba! Haya bwana, hela yako."

Aksoloti anatembea chini zaidi ya anavyoogelea, kwa hiyo unachomnunulia ni sakafu. Mmoja mzima anahitaji angalau lita 75. Hilo la kwangu ukilijaza mpaka sentimita 30 linabeba lita 108. Kioo kiwe cha milimita 8, na silikoni iwe ile ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana ile ya bafuni ina sumu. Silikoni mbichi inanuka siki. Ikiendelea kunuka, bado haijakauka. Mimi niliiacha wiki nzima ndipo nikatia maji.

Lijaribie barazani kwanza. Tandika gazeti kavu chini yake, jaza, lala, asubuhi tazama gazeti. Tone moja tu linaacha alama.

Maji lita 108 ni kilo 108, ongeza kioo, unapita kilo 130. Ile meza ya televisheni haiwezi. Nilimwambia seremala anipigie stendi ya mbao za mbili kwa nne za paini, zile zinazoshuka kutoka Mafinga, na juu akaweka ubao mnene ulionyooka. Stendi ikipinda hata kidogo, kioo kitapasuka kona.

Weka mbali na dirisha linaloingiza jua, mbali na jiko, na usiliweke kwenye chumba cha bati lisilo na dari. Maji yakae kati ya nyuzi 16 na 18. Yakipita 22 anaanza kutaabika, yakipita 24 ni hatari. Huku kwetu shida huja Oktoba na Novemba kabla mvua hazijashika, mchana unapochemka. Siku hizo elesha chupa moja ya maji yaliyogandishwa, na uwe na kipimajoto. Hita hahitaji. Taa hahitaji pia, hana kope za kufumbia macho. Kifuniko anahitaji: wavu au kioo chenye nafasi ya hewa, kwa kuwa akishtuka anaruka.

Hatua ya 2: Sakafu na pango

Kokoto za rangi zinazouzwa kwa ajili ya samaki, usiweke. Aksoloti hang'ati, anafyonza: anafungua mdomo ghafla na kila kilicho mbele kinaingia. Kokoto ikiingia inaziba utumbo. Kipimo changu ni hiki: chochote kidogo kuliko kichwa chake, kihesabu kama kimeshaliwa.

Kioo kitupu kinatosha kabisa kwa kuanzia. Ukitaka mchanga, uwe laini, chini ya milimita moja, na mnyama awe amepita sentimita 12 hivi. Nilichukua wa mtoni, nikauchekecha kwa chekeche la unga (la kwangu, mke wangu alininunulisha jipya), nikauosha ndoo baada ya ndoo mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Ndoo kumi na tano. Ya kumi nilitaka kuacha.

Pango ni lazima, awe na mahali pa kukimbilia mwanga. Hapa tuna bahati ambayo watu wa mbali hawana: vyungu vya Wakisi vinavyotoka ufukwe wa Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe. Chungu kidogo kipya kilichochomwa vizuri, ukikilaza ubavu, ni pango zuri kuliko lolote la plastiki. Chagua kisicho na nakshi ya rangi, pitisha kidole mdomoni mwake uhakikishe hakuna ncha, kisha kiloweke siku mbili. Kisiwe kimewahi kupikiwa; mafuta na chumvi havitoki.

Hatua ya 3: Kuivisha maji

Hapa ndipo nilipokosea.

Kwanza klorini. Maji ya bomba yakikaa siku moja mpaka mbili kwenye chombo kipana, huku pampu ya hewa ikiyatikisa, klorini inatoka. Kuna aina nyingine, kloramini, ambayo haitoki kwa kukaa. Kama hujui maji yako yanatibiwa kwa kipi, tumia dawa ya kuondoa klorini, ile ya matone wanayouza wenye maduka ya samaki wa urembo.

Halafu kuiva kwenyewe. Mnyama anatoa amonia mchana na usiku, kwa matamvua na kwa kinyesi. Amonia ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo ikiwa kidogo haina madhara. Bakteria hao wanaishi kwenye sponji ya chujio, kwenye vioo, kwenye chungu. Tangi jipya halina hata mmoja. Unawasubiri wazaliane, na huo ni muda wa wiki nne mpaka nane.

Funga chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa. Linatosha, na halina mkondo mkali. Aksoloti hapendi maji yanayomsukuma. Kumbuka pia kwamba huku juu hewa ni nyepesi na maji yanashika oksijeni kidogo kuliko ya pwani, japo ubaridi unafidia sehemu. Kwa hiyo pampu usiizime usiku eti inapiga kelele. Umeme ukikatika saa chache hakuna neno, ukikatika siku nzima koroga maji kwa mkono mara kwa mara, la sivyo bakteria wa kwenye sponji wanakosa hewa na kufa.

Bakteria wanataka chakula, na chakula chao ni amonia. Wenye amonia safi isiyo na manukato wanatia kwa matone. Mimi nilitumia usipa wakavu wa Kyela wasio na chumvi: sita au saba kwenye kipande cha soksi ya nailoni, nikafunga fundo, nikaning'iniza ndani. Wanaoza polepole. Sebule itanuka, mwambie mwenye nyumba mapema.

Sasa kosa. Nilianza Julai. Wiki ya kwanza maji yalifanya ukungu, ya pili yakaanza kutakata, ya tatu yakawa kama kioo. Nikasema tayari, nikampigia rafiki yangu wa Dar aliyekuwa ananipa mnyama, nikakata tiketi. Usiku wa kuamkia safari nikapima, kwa sababu ya kupima tu. Amonia ilikuwa imeshuka. Kipimo cha nitriti kikatoka zambarau iliyokolea, yaani imejaa tele.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba bakteria hao wanapenda joto. Kwenye nyuzi 25 na zaidi wanazaliana vizuri. Kwenye 14, Uyole, Julai, wanajikokota. Kwa hiyo kama unaivisha maji kiangazi cha baridi, weka hita wakati mnyama hajaingia, pandisha mpaka nyuzi 25, na ukimaliza iondoe uache maji yapoe siku mbili. Au pata kipande cha sponji iliyotumika kwa mtu mwenye tangi la siku nyingi lisilo na ugonjwa. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinakuokolea wiki kadhaa.

Tangi limeiva lini? Tia amonia ifike miligramu 2 kwa lita. Ngoja saa 24. Pima. Amonia sifuri, nitriti sifuri, nitreti ipo: limeiva. Moja ya mbili za mwanzo ikisoma chochote, bado. Macho hayawezi kukuambia. Likishaiva badilisha maji mengi mpaka nitreti ishuke chini ya 20.

Pima na asidi ya maji (pH) ukiwa hapo. Kati ya 7.4 na 7.6 ni pazuri, na anavumilia kuanzia 6.5 mpaka 8. Maji ya milimani mengi ni laini, unayajua kwa sabuni kutoa povu upesi, na aksoloti anapenda yenye ugumu kidogo. Maganda ya kombe yaliyooshwa na kufungwa kwenye soksi, yakawekwa pale chujio linapopumulia, yanarekebisha taratibu.

Hatua ya 4: Safari

Kama mnyama yuko mtaa wa pili, ruka hatua hii.

Wa kwangu alitoka Dar kwa basi la usiku, na usiku niliuchagua kwa sababu ya joto. Asilishwe siku mbili kabla, asije akachafua maji njiani. Akae kwenye mfuko mnene wa plastiki, ndani ya mfuko mwingine, theluthi moja maji na theluthi mbili hewa, halafu ndani ya kiboksi cha kubebea vinywaji baridi. Pembeni weka chupa ndogo ya barafu iliyozungushiwa gazeti na khanga. Isigusane na mfuko.

Kondakta alitaka kiboksi kiende kwenye buti. Kule kuna joto la injini na mizigo inayohamahama. Nikakipakata. Mama mmoja wa Tukuyu aliyekaa kiti cha jirani akawa ananitazama tu mpaka tulipopita Mikumi.

"Baba, humo umebeba nini mbona unafunua-funua kama una kichanga?"

"Shikamoo mama. Ni mnyama wa majini."

"Marahaba. Wa kula?"

"Hapana mama, wa kufuga."

Akanyamaza kidogo. "Haya. Mpe hewa basi, huku kuna joto."

Alikuwa na haki. Kuanzia Morogoro mpaka Ruaha Mbuyuni ndipo unapotazama kipimajoto kila nusu saa. Mkishamaliza kupanda Kitonga, unaweza kusinzia.

Hatua ya 5: Kumwingiza

Punguza mwanga wa chumba. Osha mikono kwa maji matupu, usiwe umepaka mafuta wala losheni.

Weka mfuko ukiwa bado umefungwa, uelee juu ya maji ya tangi dakika 20 mpaka 40. Unasawazisha joto tu. Maji ya mfuko na ya tangi yasipishane zaidi ya nyuzi 2.

Kinachofuata kinategemea amesafiri muda gani, na hapa maelekezo mengi yanayozunguka yanapotosha. Kama ametoka karibu, chini ya saa mbili au tatu, fungua mfuko, tia kikombe cha maji ya tangi, ngoja dakika kumi, tia kingine, hivyo hivyo kwa saa nzima. Lakini kama ametoka mbali kama Dar, ndani ya ule mfuko amonia imejikusanya. Ukiwa umefungwa, hewa chafu anayopumua inayafanya maji kuwa na asidi, na kwenye asidi amonia haina makali. Ukifungua, hewa hiyo inatoka, asidi inapungua, amonia inakuwa kali ghafla. Kwa hiyo wa safari ndefu usimcheleweshe: sawazisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, tia vikombe viwili vitatu ndani ya dakika kumi au kumi na tano, mhamishe.

Usimkamate kwa wavu wa samaki, vijitawi vyake vinanasa na kukatika. Mwongoze aingie kwenye bakuli la plastiki, zamisha bakuli ndani ya tangi, liinamishe, atoke mwenyewe. Maji ya mfuko yamwage, yasiingie tangini.

Halafu ondoka. Usikae unagonga kioo. Watoto wa nyumba nzima watataka kuona, waambie kesho.

Kama umekwama, mnyama kafika na maji hayajaiva, kama ilivyonikuta mimi ambaye tiketi nilikuwa nimeshakata, usimtie humo kwa matumaini. Chukua beseni pana la lita 20 au zaidi, jipya, lisilo na sabuni. Tia maji yasiyo na klorini yenye joto lile lile, mwekee chungu, funika. Kila siku badilisha maji yote. Yote, si nusu. Wangu alikaa kwenye beseni la bluu siku 18, ndoo zangu za maji zimejipanga ukutani kama msiba, na hakudhurika.

Hatua ya 6: Wiki ya kwanza

Akikataa kula siku mbili mpaka tano, ni ugeni. Tazama mwili wake. Matamvua yakijikunja kwenda mbele, mkondo wa maji ni mkali au maji yameharibika. Ncha ya mkia ikijipinda kama ndoano, ana taabu. Vitu vyeupe kama pamba kwenye matamvua ni ukungu. Mrudishe beseni la maji baridi na safi ya kila siku. Dawa za samaki usikimbilie, hasa zenye shaba, maana ngozi ya amfibia inanyonya kila kitu.

Pima amonia na nitriti kila siku kwa wiki hiyo, baadaye mara moja kwa wiki. Kila wiki toa robo ya maji na urudishe mengine yasiyo na klorini, ukinyonya uchafu wa chini kwa mpira. Sponji ikichafuka ikamue ndani ya maji uliyotoa tangini, kamwe si bombani; klorini itawafagia bakteria uliowasubiri wiki nane.

Maji hayo unayotoa yamwage shambani mahali pakavu, yasiingie mfereji wala kijito. Wenye kukumbuka chura wa Kihansi, kule Udzungwa, wanaelewa. Bwawa la umeme lilipunguza maji ya maporomoko aliyoyategemea, halafu mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka, na ukungu wa kitridi unaoua amfibia ukakutwa huko. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini, na waliorudishwa kuanzia 2012 walitoka kwenye bustani za wanyama za Marekani. Aksoloti anaweza kubeba ukungu huo bila kuumwa. Kwa hiyo hata ukimchoka, usimwachie majini huko nje: Mto Kiwira siko, Ziwa Ngozi siko. Mtafutie mtu mwenye tangi lililoiva. Na usimchanganye na samaki wa dhahabu. Atawameza wadogo, na wakubwa watamdonoa matamvua.

Chakula ni nyungunyungu. Chimba kwenye migomba au kwenye mbolea ya zamani, shamba ambalo halijapigwa dawa. Ya viazi hapa Uyole nayaacha, yanapuliziwa sana. Wale wadogo wekundu wa kwenye lundo la samadi wanatoa majimaji machungu na atawatema. Osha, kata vipande visivyozidi upana wa kichwa chake, mpe jioni. Mtoto anakula kila siku, mzima mara mbili au tatu kwa wiki. Kilichobaki kitoe baada ya dakika 20.

Wangu alikula siku ya nne, saa tatu usiku, mimi nimeshika kipande kwa koleo la mbao huku mkono umekufa ganzi. Alikitazama, akakipita, akageuka. Mlio wa kufyonza unasikika nje ya kioo. Nilidhani ni bomba linavuja.